Nguchiro aliyeuawa kwa hasira

Kuna hadithi ya kale ya India iliyosambaa mbali. Mama anamwacha mtoto mchanga na nguchiro wao wa kufugwa, anakwenda kuteka maji. Nyoka anaingia, nguchiro anamrarua. Mama anaporudi anamkuta nguchiro mlangoni, mdomo umetapakaa damu. Anadhani mwanawe ameliwa, anamtupia mtungi na kumuua. Ndani, mtoto amelala salama kando ya mzoga wa nyoka. Watu wa Wales, huko Uingereza, wanakisimulia kisa hichohicho, ila kwao nguchiro ni mbwa na nyoka ni mbwa mwitu.

Wapo wanaoamini kwamba hadithi kama hii humfunza mtoto kuidhibiti hasira kuliko karipio, nami kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Karipio humjia mtoto akiwa amefura, na aliyefura hasikii. Isitoshe, sehemu ya ubongo inayozuia pupa huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20, kwa hiyo kumwambia wa miaka minne "tulia" ni kumdai asichokuwa nacho. Hadithi husimuliwa moyo ukiwa umepoa, tena hasira inayotazamwa ni ya mwingine. Mtoto hana haja ya kujitetea. Mwanaanthropolojia Jean Briggs, aliyeishi na Wainuit kaskazini mwa Kanada miaka ya 1960, alikuta wazazi ambao kumfokea mtoto kwao ni jambo la kitoto. Walimfunza zaidi kwa maigizo na maswali ya mchezo.

Lakini wanaozitilia shaka hadithi hizi nao wana hoja nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hadithi za mwongo anayeadhibiwa hazikupunguza uongo wa watoto. Iliyosaidia ni ile ya mtoto aliyekiri kosa akasifiwa. Baadaye watafiti wa Toronto wakaona kwamba watoto waliosomewa kisa cha ukarimu chenye wahusika binadamu waligawana vitu zaidi, na waliosomewa kisa hichohicho chenye wanyama hawakufanya hivyo. Tafiti hizo hazikuhusu hasira. Hata hivyo zinagusa palepale: ngano nyingi za hasira huishia kwenye maiti na majuto, wala hazimwonyeshi mtoto mtu aliyekasirika akafanya jambo jema.

Linaloniumiza zaidi ni jingine. Mtoto aliyenyang'anywa kitu chake akalia kwa ghadhabu, kisha jioni akasimuliwa habari za nguchiro, anaweza kuelewa kwamba kosa ni lake kwa kukasirika. Aliyemnyang'anya hatajwi. Hapo hadithi imegeuka kiboko cha maneno, na mtoto atajifunza kuficha hasira tu. Hasira yake ilikuwa na haki. Aambiwe hivyo waziwazi kabla ya hadithi yoyote.

Ndiyo maana nisingeitupa hadithi ya nguchiro, ila ningeacha kuifunga kwa fundisho. Utamu wake wote umo katika ile nafasi fupi kati ya kuona damu na kurusha mtungi, na wasimulizi wengi huipita mbio. Mimi ningesimama hapo, mtungi ukiwa bado kichwani, nimuulize mtoto: mama angefanya nini kwanza? Mmoja atasema angeingia ndani kutazama. Mwingine atasema angeutua mtungi. Mwingine atasema angepiga kelele, na hilo nalo ni jibu, kwa sababu kelele hazimuui nguchiro.