Kodi ya jimbo ilipwe na LLC au na mwenye LLC? Hii siyo ya matajiri peke yao

Kila msimu wa kufaili kodi hapa Marekani ubishi ni uleule: eti kuiachia LLC au S-corp (kampuni ambazo kodi ya faida kwa kawaida hulipwa na wenyewe, si kampuni) ilipe yenyewe kodi ya mapato ya jimbo, badala ya kila mwenye hisa kulipa kwenye ritani yake, ni ujanja wa madaktari na mawakili wenye hela. Naelewa hayo maneno yanatoka wapi. Sheria ya 2017 iliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za jimbo na za nyumba unazoruhusiwa kuzitoa kwenye hesabu ya federali, majimbo yakatafuta pa kupitia, yaani kampuni ndiyo ilipe maana kikomo hakiigusi, Connecticut wakaanza 2018, IRS (mamlaka ya kodi ya federali) wakakubali Novemba 2020 na leo majimbo zaidi ya 30 wana njia hii. Waliokuwa wanabanwa na kile kikomo walikuwa wenye kipato kikubwa, hilo halina ubishi.

Ila kuna kitu kinarukwa. Wewe unayechukua lile punguzo la kawaida la federali (standard deduction, kiasi kimoja unachopewa bila kuorodhesha matumizi yako), na ndio wengi wetu, kodi ya jimbo unayolipa kwa jina lako haikupunguzii federali hata senti, kikomo kiwe 10,000 au kiwe 40,000 kama walivyopandisha 2025, kwako ni yaleyale. Sasa kampuni ikilipa yenyewe, hiyo kodi inatolewa kabla faida haijafika kwenye K-1 yako (fomu inayoonyesha fungu lako la faida ya kampuni), na punguzo lako la kawaida bado unalo zima. Kwa hiyo anayefaidika hapa ni hata yule ambaye kikomo hakijawahi kumgusa.

Tuseme ndugu wawili wana LLC ya malori Chicago, K-1 ya kila mmoja ni 100,000. Illinois ni asilimia 4.95. Kampuni inalipa dola 4,950 kwa kila mmoja, jimbo linampa kila mmoja krediti (kiasi kinachokatwa kwenye kodi yenyewe) ya kiasi hichohicho kwenye ritani yake, kwa hiyo Illinois haijapoteza kitu wala yeye hajalipa mara mbili. Kwa federali, kama yuko kwenye ngazi ya asilimia 22, amepunguziwa 1,089, lakini lile punguzo la federali la asilimia 20 ya faida ya biashara nalo linashuka kidogo maana faida imeshuka, mwisho anabaki na kama 870. Kwa tajiri hiyo si kitu, ila kwa mtu mwenye lori ni tairi mpya, na ni kila mwaka!

Upande wa pili nao wana hoja na siwezi kuwapuuza. Draiva wa W-2 (aliyeajiriwa kwa mshahara) anayeendesha lori hilohilo kwa kipato kilekile hana huu mlango. Mwenye LLC peke yake, ambayo federali wanaihesabu kuwa ni yeye mwenyewe, kwenye majimbo mengi naye hana, na madraiva wetu wengi wako hapo. Mwenye familia aliye kwenye ngazi ya asilimia 12 anabaki na kama 475 ambazo mhasibu anaweza akazimaliza zote. Halafu California ni habari nyingine kabisa, kule wanatoza asilimia 9.3 moja kwa moja, krediti ikizidi kodi yako hawakurudishii, unaibeba tu hadi miaka 5, kwa mtu wa kipato cha kati ambaye kodi yake halisi ya jimbo haifiki hata karibu na 9.3 ni kuwakopesha serikali hela ya dizeli.

Lakini kuwanyima wale ndugu wawili hakumwongezei draiva wa W-2 chochote, anayedai usawa adai draiva naye apewe. Kwenye mswada wa 2025 Baraza la Wawakilishi walitaka kuwafungia wenye kampuni za huduma kama mawakili na madaktari, sheria iliyopita Julai ikawaacha wote. Kama lengo lilikuwa matajiri, ile ya kwanza ilikuwa na mantiki zaidi kuliko kusema mlango wote ufungwe.

Kwa mwenye mwenza kwenye LLC, mwambie mhasibu akupigie hesabu zote mbili, kampuni ikilipa na isipolipa, na akuwekee na bei yake humo ndani. Na fanyeni mapema, maana kampuni inayohesabu matumizi siku hela inapotoka lazima iwe imelipa kufikia Desemba 31 ndio ipate punguzo la mwaka huo, wengi wanakuja kuuliza Machi.