Ulimi wa Nyoka Ni Mjumbe

Lugha yetu imeuhukumu ulimi wa nyoka kwa ukali. Mnafiki tunamwita mtu mwenye ndimi mbili, na wapo watu wazima wanaoamini kwa dhati kwamba ule uzi unaochomoza na kurudi kinywani mwa nyoka ndio mwiba wa sumu. Sumu, kwa nyoka walio nayo, hupitia kwenye meno. Ulimi ni laini, hauchomi wala haudungi chochote. Hata hivyo, wengi wanaolijua hilo huendeleza kosa jingine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: husema kwamba nyoka hutoa ulimi ili aonje hewa. Naliona neno hilo kuwa la kupotosha, kwa sababu linaficha jambo la ajabu zaidi linalotendeka ndani ya kinywa hicho.

Kazi ya ulimi huo ni kubeba. Unapotoka kupitia upenyo mdogo ulio mbele ya mdomo, bila kinywa kufunguliwa, kisha ukapigapiga hewani au kugusa ardhi, hunasa katika unyevu wake chembechembe za harufu zilizoachwa na panya, chura au nyoka mwingine. Ukisharudi ndani, chembe hizo hufikishwa kwenye vijitundu viwili vya kaakaa, ambavyo ni milango ya kiungo kinachoitwa ogani ya Jacobson, kwa jina la Ludwig Jacobson, mwanasayansi wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kutoka hapo neva huelekea kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu, wala si ile ya ladha. Kwa hiyo nyoka hunusa, na ulimi ni mjumbe anayetumwa nje kuleta habari. Pua nayo anayo, tena inafanya kazi. Mara nyingi harufu iliyopita puani ndiyo inayomfanya aanze kuutoa ulimi kwa kasi.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba ncha mbili za ulimi huchomekwa ndani ya vijitundu hivyo viwili, na maelezo hayo yalikubalika kwa urahisi kwa kuwa hesabu ililingana. Picha za eksirei zilizopigwa wakati nyoka akirudisha ulimi hazikuonyesha hivyo. Ulimi huingia katika ala yake, na inaelekea kwamba nyama za sakafu ya kinywa ndizo zinazoinuka na kuukabidhi mzigo juu.

Basi ncha mbili ni za nini? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alidhani kwamba zinampa nyoka starehe maradufu ya ladha. Jibu linaloniridhisha ni lile alilolitetea Kurt Schwenk, mwanabiolojia wa Marekani, mwaka 1994: ncha hizo hutanuliwa zikagusa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na kila upande hupeleka habari zake, hata mnyama akaweza kulinganisha wapi harufu ni nzito zaidi. Ni kama sisi tunavyotambua sauti inatoka wapi kwa kuwa tuna masikio mawili. Ncha ya kushoto ikileta harufu kali kuliko ya kulia, nyoka hugeuza kichwa kushoto. Zote mbili zikikosa, anajua ameiacha njia. Dume hufuata hivyo hivyo mkondo wa feromoni, yaani kemikali za kuashiria zitokazo mwilini, alioupitisha jike ardhini. Kenge naye, ambaye huzunguka sana akitafuta chakula, ana ulimi wenye panda ndefu, na hilo linaipa nguvu hoja hii.

Uwezo huu haungoji mafunzo. Majaribio yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1960 yalionyesha kwamba watoto wa nyoka ambao hawajawahi kula, wakisogezewa pamba iliyolowekwa maji yenye harufu ya mawindo ya jamii yao, huutoa ulimi upesi upesi na hata kuishambulia pamba yenyewe.

Hakuna mfano unaonivutia kama ule wa nyoka wa bara la Amerika wenye njuga mkiani. Yeye humgonga panya na kumwachia mara moja, asije akajeruhiwa na meno ya panya huyo, naye panya hukimbia na kwenda kufia mbali, pengine mahali penye nyayo nyingi za panya wengine. Ndipo nyoka anapoanza kutembea polepole, ulimi ukigusa chini tena na tena. Akikuta panya aliyeumwa naye na mwingine aliyekufa kwa sababu tofauti, humchagua yule aliyeumwa naye. Utafiti wa mwaka 2013 ulibaini kwamba protini fulani zilizomo katika sumu yenyewe ndizo zinazompa panya huyo harufu ya kumtambulisha, na ndizo ambazo ulimi wenye ncha mbili huzifuata hadi pale alipoangukia.