Makaa ya jikoni huenda wapi?

Jana usiku nilizoa majivu ya jiko. Jioni nilitia kopo zima la makaa, nikapika maharage mpaka yakaiva, na kilichobaki hakijai kiganja. Ukipuliza, yanaruka. Makaa mengine yamekwenda wapi?

Yamepanda hewani. Kaboni ikiungua hushikana na oksijeni: kila kilo 12 za kaboni hujichukulia kilo 32 za oksijeni, ikawa kilo 44 za kaboni dioksidi. Kinachopanda ni kizito kuliko tulichotia jikoni.

Ndiyo maana sikuwahi kuukubali mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, Lamu. Megawati 1,050! Mtambo wa namna hiyo ukiwaka usiku na mchana mwaka mzima hutoa takriban tani milioni 8 za gesi hiyo. Watu wa Lamu waliupinga kwa mambo wanayoyaishi: uvuvi wao, mikoko, vumbi, na mji wa kale ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Walikuwa na haki kabisa. Lakini gesi hii, inayoipasha dunia joto na kuinua bahari, haionekani wala hainuki, haiachi doa kwenye kanzu, na naona ilizungumzwa kidogo mno, hasa kwa mji ambao maji ya bamvua yanaufikia mlangoni. Nashukuru jopo la rufaa za mazingira halikuisahau. Lilipofuta leseni ya mradi tarehe 26 Juni 2019, pamoja na kusema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, liligusa pia sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016.

Kuna hoja ninayoisikia kila mara, na siidharau. Ulaya na Marekani zimechoma makaa ya mawe miaka na miaka, zikatajirika. Sisi tuzuiwe kwa nini? Kweli, deni kubwa ni lao. Kituo kimoja tu cha Poland, Bełchatów, kilijengwa kikapita megawati 5,000, nacho kinachoma makaa mpaka leo. Wao ndio wa kubanwa kwanza.

Ila tujiulize Kenya ilikuwa inahitaji nini. Mwaka 2019, saa za jioni taa zikiwaka nchi nzima, matumizi hayakufika megawati 2,000. Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria tunao. Upepo wa Turkana, megawati 310, ulikuwa umeshaunganishwa. Makaa ya Kwasasi yangeanza kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini, na mkataba ulikuwa wa miaka 25, umeme utumike usitumike, malipo yaendelee. Huko si kudai haki yetu ya maendeleo. Ni kujitwika mzigo wakati wenzetu wanautua.

Oktoba 2025 mahakama ya Malindi iliitupa rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa Kwasasi, na nilifurahi sana. Lakini makaa ya mawe ya Mui, kule Kitui, bado yako ardhini. Siku mradi mwingine utakapoletwa mezani, naomba tuulize tani za gesi kabla ya megawati.