Rekodi ya kukamatwa bila hukumu

Katikati ya mwaka 2021 jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilitunga sheria ya kujiunga na mkataba unaomwezesha muuguzi mwenye leseni ya jimbo moja kufanya kazi katika majimbo mengine. Mkataba huo ulianza kutumika kikamilifu jimboni humo Julai 2025. Miaka minne ilipotea hasa kwa sababu ya alama za vidole. Mwombaji lazima alama zake zilinganishwe na kumbukumbu za FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, na FBI haikuridhika na jinsi sheria ya jimbo ilivyoandikwa. Ikabidi irekebishwe mwaka 2024.

Msomaji wa Nairobi aliyezoea kuomba cheti cha tabia njema kutoka ofisi moja ya taifa anaweza kushangaa. Marekani kila jimbo lina daftari lake la uhalifu. FBI, kupitia kituo chake cha Clarksburg, West Virginia, inatunza alama za vidole na faharasa inayoonyesha rekodi ya mtu iko jimbo gani. Kwa sheria ya mwaka 1972, rekodi hizo hutolewa kwa ajili ya kazi na leseni pale tu bunge la jimbo linapotunga sheria inayotaja kazi zenyewe, inayodai alama za vidole, na inayopeleka majibu kwenye ofisi ya serikali. Mwaka 1998 ukaongezwa mkataba wa majimbo kufunguliana madaftari kwa matumizi hayo, na zaidi ya majimbo 30 yameuridhia.

Hoja ya wanaounga mkono kubadilishana rekodi hizo ni nzito. Mlezi wa wazee huingia nyumbani kwa mtu asiyeweza kuinuka kitandani, akabaki naye peke yake, funguo na dawa zikiwa mikononi mwake. Aliyehukumiwa Ohio kwa kuwaibia wagonjwa hapaswi kuvuka mpaka akaonekana msafi kwa kuwa tu daftari la Ohio halisomwi upande wa pili. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wanafanya kazi hiyo ya ulezi, na sioni kwa nini waaminifu miongoni mwao wachanganywe na wezi.

Swali ni kitu gani hasa kinachosafirishwa. Mtu anapokamatwa, polisi humchukua alama za vidole na kuzituma haraka. Kesi ikifutwa miezi sita baadaye, habari hiyo iko kwa karani wa mahakama ya kaunti, ofisi nyingine yenye kompyuta nyingine. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema ni takriban nusu tu ya rekodi za kukamatwa katika mfumo huo wa FBI zilizokuwa na matokeo ya mwisho ya kesi. Takwimu hiyo ni ya zamani, na majimbo yamepewa fedha za kuziba pengo, lakini chanzo cha tatizo ni kilekile. Mwombaji ana haki ya kupinga rekodi yenye makosa. Ila ni yeye anayeifuatilia karatasi kwenye mahakama ya mbali, huku nafasi ya kazi ikienda kwa mwingine.

Ndiyo maana wapo wanaosema rekodi zifungwe, yaani zisionyeshwe waajiri. Pennsylvania hiyohiyo, mwaka 2018, ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria iitwayo Clean Slate, inayofunga rekodi za kesi zisizoishia kwenye hukumu na makosa mengi madogo ya zamani bila mhusika kuomba. Busara ya kutomsubiri aombe inaonekana Michigan, ambako watafiti walikuta ni asilimia 6.5 tu ya waliostahili kufutiwa rekodi waliofanikiwa ndani ya miaka mitano. Lakini jimbo likishafunga rekodi yake, nakala iliyoko FBI inaweza bado kujitokeza.

Na kuficha kuna madhara yake. Utafiti wa New Jersey na jiji la New York uliochapishwa mwaka 2018 ulituma maombi ya kazi ya kubuni kabla na baada ya waajiri kukatazwa kuuliza habari za jinai kwenye fomu. Kwa waajiri walioondoa swali hilo, kabla ya katazo, waombaji wenye majina yanayosikika ya Wazungu waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya Wamarekani weusi. Baada yake, asilimia 43. Mwajiri aliponyimwa ukweli alikisia kwa kutazama jina, na aliyeumia ni kijana mweusi ambaye hajawahi kukanyaga kituo cha polisi. Jambo hili linaniuma, na ndilo linalonifanya nisikubali hoja ya kufunga kila kitu.

Tena mwajiri aliyefungiwa mlango wa serikali haachi kuchunguza. Huenda kwa kampuni binafsi, ambazo mara nyingi hutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Hapo fikiria wakimbizi wa Kongo waliopitia kambi kama Nyarugusu, Kigoma, wakahamishiwa Marekani: wengi wao wameandikishwa kuwa walizaliwa Januari 1, kwa kuwa tarehe halisi haikujulikana. Majina yakifanana, mtu anaweza kubebeshwa kosa la asiyemjua. Alama za vidole hazina wajina.

Kwa hiyo naunga mkono sheria za kubadilishana rekodi, kwa sharti moja. Mkataba wa 1998 unalitaka jimbo linalopokea rekodi kuondoa kila kisichoruhusiwa kisheria kabla ya majibu kuifikia ofisi iliyoomba rekodi, kwa hiyo chekeche liko mikononi mwa mabunge ya majimbo. Yaandike kwamba kukamatwa kulikotokea zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kusiko na matokeo ya kesi, kusitolewe mpaka ofisi iliyoomba rekodi iulize mahakama husika na kujibiwa. Karani mwenye simu na mshahara wa serikali anaiweza kazi hiyo kuliko mama aliyetoka zamu ya usiku.