Sikuweka rivasi

Kabla hujaanza kucheka, sikuweka rivasi. Hilo naomba lieleweke kwanza, maana jamaa yangu ameshaisambaza ile video ya gari langu likirudi nyuma kwenye kila grupu alilomo, mpaka grupu la watu aliosoma nao darasa la nne, na chini yake ameandika "fundi wetu kachanganya gia". Sikuchanganya gia. Kwenye Beetle rivasi haiingii kwa bahati mbaya, lazima ubonyeze fimbo chini, uipeleke kushoto, halafu uivute nyuma, ni kazi ya makusudi kabisa. Mimi niliweka namba moja. Nilichokosea ni kibaya kuliko kuchanganya gia, kwa hiyo bora mkisikie kwangu mwenyewe.

Mnaonifuata siku nyingi Kobe mnamjua. Volkswagen Beetle 1500 ya mwaka 1968, lile ninalowachosha nalo kwa picha za kutu. Injini yake ya asili ilikuwa na farasi 44 na kwa jinsi lilivyokuwa linapanda mlima nadhani 20 kati yao walishafariki zamani. Nikapata injini ya Subaru, EJ22, lita 2.2, farasi kama 130. Na msinitukane, wazo siyo langu, watu wameshafanya sana, kwa sababu injini zote mbili zimelala, silinda mbili kushoto mbili kulia, na zinazunguka upande uleule, unachohitaji ni adapta ya kuunganisha injini na giaboksi, flaiwili inayolingana, na ndoa iliyo imara. (Hilo la kuzunguka upande uleule likumbukeni, litarudi kuniuma.)

Miezi 7 ya kazi siihadithii. Rejeta nililiweka mbele, kwa hiyo gari ambalo injini yake ya asili inapozwa kwa upepo, na tangu litoke kiwandani halijawahi kuonja tone la maji, sasa lina mipira ya maji inatambaa tumboni kutoka mbele mpaka nyuma kama mgonjwa wa wodini. Waya za kompyuta ya injini nilizitandaza sebuleni wiki 3 nikichambua ipi ya taa, ipi ya sensa, ipi ya eisi ambayo sina, mama watoto akipita anaziruka huku anahesabu kwa sauti siku zilizobaki kabla hajazitupa. Nikafunga pampu mpya ya petroli maana ile ya zamani ilikuwa inaibembeleza tu petroli ifike kwenye kabureta, wakati injekta za Subaru, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini, zinataka presha ya karibu baa 3, bila hiyo hazikusikilizi. Yote hayo yalikwenda sawa, na ndicho kinachoniuma. Kila kitu kigumu kilikwenda sawa.

Kilichonimaliza ni kitu ambacho hakuna mtu aliniomba nikiguse.

Giaboksi ilikuwa nzima. Ilikuwa inavuja oili kidogo tu pembeni, ule uvujaji wa heshima, tone moja kwa siku. Nikajisemea, si nimeshaishusha, si iko hapa mezani, ngoja nifungue mifuniko ya pembeni nibadilishe sili na gaskiti. Wadau, sentensi yoyote inayoanza na "si nimeshaishusha" ikatisheni. Nikafungua. Ukishatoa mifuniko ile, kushoto na kulia, difu yote, ule mtambo unaogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, inatoka na krauni yake, ile gia kubwa ya duara, nzito, inang'aa, nikaikalisha juu ya gazeti nikawa naitazama tu kama mtu anayetazama mtoto amelala. Nilipiga picha kabla ya kuitoa? Hapana. Niliweka alama na chaki? Hapana bana, mimi nina kichwa.

Simu ikaita. Ni huyuhuyu jamaa mwenye video, anauliza linawaka lini. Tukaongea nusu saa. Nikarudi, nikasafisha, nikairudisha difu mahali pake, na ikaingia kwa ulaini ambao sijawahi kuuona kwenye gari lolote. Hapo ndipo nilipodanganyika, kwa sababu mimi najua kitu ukikikosea kwenye gari kinagoma, kinakupasua kidole, bolti zinakataa kuonana na matundu. Hii iliingia kama imekuja nyumbani. Nilipiga hata mluzi.

Kwa wasiojua, somo fupi halafu tuendelee. Pinioni, ile gia ndogo inayoleta nguvu kwenye difu, inazunguka palepale, na krauni inakaa ubavuni mwake. Ikikaa ubavu ule sahihi, matairi yanaenda mbele. Ukiigeuza difu ukaikalisha ubavu wa pili, inakaa vizuri tu, inashika meno vizuri tu, inazunguka vizuri tu, ila matairi yanakwenda kinyume. Maana yake giaboksi yako sasa ina gia 4 za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Na kuna watu wanafanya hivyo makusudi, wanaoweka injini ya Chevrolet Corvair kwenye Volkswagen, kwa sababu ile inazunguka upande wa pili kwa hiyo wasipogeuza krauni ndiyo watarudi nyuma. Kwa hiyo kiufundi kazi yangu ilikuwa safi kabisa. Injini tu ndiyo haikuwa yake.

Mtauliza, hukujaribu kwanza? Nilijaribu! Siku mbili kabla, gari likiwa juu ya stendi, matairi ya nyuma hewani, nikawasha, nikaweka gia, matairi yakazunguka, tukapiga kelele tukakumbatiana, jamaa yangu alikuwa karibu kulia. "Yanazunguka! Yanazunguka!" Watu wazima watatu tulisimama pale na hakuna hata mmoja aliyejiuliza yanazunguka kwenda wapi. Tulifurahia mzunguko kwa ujumla.

Haya, siku yenyewe.

Nilikuwa nimetangaza. Hilo ni kosa langu, ningeweza kujaribu saa 11 alfajiri mimi na Mungu wangu, lakini nikaandika kwenye status "leo Kobe anaamka", wakaja majirani, wakaja watoto wa majirani, akaja yule mzee wa nyumba ya pili ambaye miezi 7 yote amekuwa akipita akisema "kijana, injini ya asili ilikuwa na shida gani?" Tukalisukuma Kobe kutoka gereji mpaka katikati ya uwanja, pua imeelekea getini, geti liko wazi, matako yameelekea gereji. Na pale mlangoni mwa gereji, juu ya tairi chakavu, nilikuwa nimeikalisha injini ya zamani. Nilikuwa sijapata moyo wa kuiondoa. Ilikuwa imekaa pale kama mke mkubwa kwenye harusi ya mke mdogo.

Nikawasha. Jamani, sauti ile. Ule mngurumo wa Subaru ndani ya mwili wa Beetle, watoto waliziba masikio wakacheka, mimi nikatoa mkono dirishani nikawapungia kama rais. Huo mkono kwenye video upo, sekunde ya 11, na unaendelea kuwepo nje muda mrefu kuliko inavyostahili.

Klachi chini. Fimbo kushoto, mbele. Namba moja. Nilihisi imeingia. Nikatazama geti. Nikaachia klachi taratibu, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani mtoto akiwa amesinzia. Na geti likaanza kuwa dogo.

Sasa naomba mnivumilie hapa kwa sababu ni sekunde kama 4 tu lakini mimi nimeishi humo wiki nzima. Ubongo wangu haukusema "unarudi nyuma kwa sababu umegeuza krauni". Ubongo ulisema "kuna mteremko". Uwanja ule nimemwaga zege mwenyewe, nikapima na pima maji, hauna mteremko wa kuteremsha hata gololi. Lakini mtu yeyote aliyejifunza kuendesha anajua, uko namba moja, gari linarudi nyuma, dawa yake ni moja, unaongeza mafuta na unaachia klachi kidogo ili likamate. Nikaongeza mafuta. Likakamata kweli.

Geti likakimbia.

Watu wakaanza kupiga kelele "mbele! mbele!" na mimi nikawa najibu, nisikilizeni kwenye video, inasikika kabisa, "ndiyo naenda mbele!" Yule mzee naye akapaza sauti, "Kijana, mbele!" Nikamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo mzee wangu, mbele!" Na kwa sababu mteremko wa kwenye kichwa changu ulikuwa unazidi kuwa mkali, nikaongeza mafuta mara ya pili. Farasi 130 na wote wamegeukia nyuma. Mkono bado uko dirishani, nadhani mwili ulikuwa umeshagawana majukumu, mkono mmoja unasalimia, mguu mmoja unaua.

Ndipo nikainua macho kwenye kioo. Kwenye kioo kile kidogo cha katikati nikaiona injini ya zamani inakuja. Haikuwa na haraka. Ile nyumba ya feni yake, duara, nyeusi, ina vumbi, ilikuwa inaongezeka ukubwa polepole na nilipata muda wa kuona hata bolti moja ambayo nilikuwa nimeitafuta tangu mwezi wa pili, kumbe ilikuwa imebaki palepale. Nakumbuka niliwaza, ah, bolti yangu. Nikaikumbuka breki baada ya bolti.

KWAA.

Kwa wale ambao hawajawahi kumiliki Beetle, injini yake iko nyuma. Kwa hiyo gari lolote lingine likirudi nyuma likagonga kitu unaumia buti. Mimi niligongesha injini mpya na injini ya zamani, uso kwa uso, mke mkubwa na mke mdogo, miezi 7 ya kazi ikaenda kusalimiana na miaka yote iliyotangulia. Kobe akazima. Kukawa kimya kabisa, ule ukimya ambao unasikia mtu anameza mate, halafu ikasikika glu, glu, glu. Oili. Sikuwahi kumwaga oili ya injini ya zamani, kwa hiyo ilipoanguka kutoka kwenye tairi ikatoa yote, lita 2 na nusu, ikapita chini ya gari, ikatokea mbele upande wa dereva kana kwamba inakuja kuniuliza kuna nini.

Mtoto mmoja akasema, "Anko, tena!"

Hasara naitaja haraka haraka kwa sababu inachosha: bampa ya nyuma imekuwa herufi V, eksozi imepinda, mpira mmoja wa maji umechomoka, nyumba ya feni ya injini ya zamani imebonyea, hakuna mtu aliyeumia, mama watoto alitazama kutoka dirishani akafunga pazia. Hakusema neno mpaka leo na ningependa aseme.

Kilichonionyesha ukweli siyo akili yangu. Baadaye jioni jamaa yangu, baada ya kuicheka video ya tukio mpaka akakaa chini, akafungua ile ya siku mbili nyuma, ya gari likiwa kwenye stendi, ili "tulinganishe furaha". Tukaitazama. Tukaitazama tena. Kuna mahali nimesimama kando ya tairi la nyuma nimeinua dole gumba, uso wote meno, na kidogo tu chini ya kiwiko changu tairi linazunguka kinyumenyume waziwazi, hata mtu asiyejua gari angeona. Nimeitazama mara 40 sasa. Dole gumba halishuki.

Na bado gari lilikuwa limekwama pale mlangoni, limelalia injini, na giza linaingia. Kulisukuma ilishindikana, watu wanateleza kwenye oili kama wanacheza muziki. Kwa hiyo nikarudisha ule mpira wa maji, nikajaza maji, nikaingia, nikawasha, nikakaa pale nimeshika fimbo, najua ninachotakiwa kufanya na sitaki kukifanya mbele ya watu. Nikabonyeza fimbo chini. Kushoto. Nyuma. Rivasi. Nikaachia klachi, na Kobe akaenda mbele taratibu, kwa adabu, bila hata mtetemo, mita 5 zilizonyooka kabisa kuelekea getini.

Yule mzee akapiga makofi. "Sasa," akasema, "hiyo ndiyo namba moja."

Na ndiyo, jamaa yangu alikuwa anarekodi na hiyo pia.