Neno Refu, Maana Kiduchu

Zamani ukifika barazani Ngamiani, hapa Tanga, baada ya alasiri unakuta bao, unakuta dhumna, na kahawa chungu inazunguka na vipande vya kashata. Ukifungwa, umefungwa kwa kete, unanyamaza, unaongeza kikombe. Siku hizi hujavua hata kandambili, mtu mzima na ndevu zake anakuletea simu usoni: "Haya, nitajie neno la Kiingereza lenye irabu tano zimefuatana." Ebo! Salamu kwanza, bwana.

Na jibu lenyewe ni "queueing", yaani kupanga foleni. Hesabu: u, e, u, e, i. "Queue" peke yake ina herufi tano, inayosikika ni ya kwanza tu; nne zilizobaki zimesimama nyuma yake kama watu kwenye dirisha la malipo siku mtandao umekata. Basi Waingereza baada ya kumwaga irabu zote hapo, kwingine wakaishiwa. "Strengths", nguvu, ina herufi 9 na irabu moja, ile e, imezingirwa kama mwizi. Kwao hiyo ni silabi moja. Ikishuka kinywani mwetu inakuwa si-ti-re-ngi-thi-si, silabi sita, kwa sababu ulimi wa Kiswahili hauvuki mto bila daraja. "Rhythms", mapigo ya ngoma, haina a, e, i, o wala u. Y ndiyo inafanya kibarua cha wote. "Catchphrase", msemo ambao mtu kaufanya wake, ina konsonanti sita mfululizo: t, c, h, p, h, r. Mwenye meno ya bandia asijaribu.

Lakini kinachouma si umbo. Ni kwamba neno linarefuka, ukishalimaliza maana yenyewe ni kiduchu. Mnalijua lile la herufi 29, "floccinaucinihilipilification"? Lina i tisa na halina e hata moja, na e ndiyo herufi wanayoitumia kuliko zote. Usilimeze zima, utapaliwa. Likate: flocci, nauci, nihili, pili, kisha fication. Nne za mwanzo ni Kilatini, zote zikimaanisha kitu duni: flocci ni kishungi cha sufu, nihili ni si kitu, na hiyo pili si ya mosi na pili, ni unywele. Mkia ni kufanya. Jumla yake: kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. Herufi 29, jamani! Mwanamke wa Chumbageni kazi hiyo anaimaliza kwa herufi tatu, "aka!", na bega analipandisha bure.

Lile la 28, "antidisestablishmentarianism", angalau lina kisa. Uingereza kanisa lao ni la dola. Karne ya 19 wakatokea waliotaka uhusiano huo uvunjwe, na wakatokea waliopinga kuvunjwa. Neno ni msimamo wa hao wa pili. Hili nalo likate: "establishment" weka katikati, hicho ndicho kiini, ni kusimikwa. "Dis" inasimikua. "Anti" inapinga hiyo inayosimikua. Wengi wanateleza hapo, wanadhani "anti" inapinga kanisa, kumbe inalitetea. Ni kama kiambishi chetu kimoja kisogee mlango mmoja, umeshamtukana mkwe.

La 45 ndilo linalonitoa jasho, maana ni la kutungwa makusudi. "Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Aliyelitunga ni Everett M. Smith mwaka 1935, akiwa mwenyekiti wa chama cha watu wa mafumbo ya maneno huko Marekani, ili liwe refu tu. P ya mwanzo haitamkwi. Wameiweka kama sebule isiyokaliwa. Pneumono ni mapafu, ultramicroscopic ni kidogo hata hadubini inahangaika, silico ni silika, volcano ni mlima wa moto, coni ni vumbi, osis ni maradhi. Vumbi la mawe limeingia mapafuni, basi. Mchimba madini akiugua kwa vumbi la namna hiyo daktari anaandika silikosisi, anaendelea na mgonjwa mwingine.

Refu moja tu silisemi vibaya: "honorificabilitudinitatibus", hali ya kuweza kupata heshima, herufi 27, limo ndani ya tamthilia ya Shakespeare. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mpaka mwisho. Ho-no-ri-fi-ca-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bu, halafu s imening'inia. Mwongeze u pale mwishoni, mtoto wa chekechea atalisoma bila kukohoa, na ngeli utaipata mbele ya safari.

Sasa kuna mtindo wa neno refu lisilorudia herufi. Kulipima ni rahisi, kama kuna karatasi: andika a mpaka z, kila herufi unayoikuta ikate, ukirudi kwenye iliyokwisha kukatwa, neno limeanguka. "Uncopyrightable" inapita na herufi zake 15, ni kitu kisichoweza kuwekewa hakimiliki. Na "dermatoglyphics", 15 vilevile, ni elimu ya mistari ya vidole na viganja, ile mistari unayobonyezeshwa dole gumba kusajili laini ya simu. Kiswahili mtihani huu kinabanwa. Silabi karibu zote zinaishia na irabu, irabu zenyewe tano, kwa hiyo ya sita lazima irudie. Lakini msituone mabwege: "uboreshaji". Herufi 10, irabu zote tano, kila moja mara moja. Wanalibandika kwenye kila bango la huduma, hakuna anayejua kito kiko pale juu ya kichwa cha mlinzi.

Mambo yanaharibika zaidi wakileta Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi ubaoni kuunda maneno, kila herufi na alama zake. Mtu anadai tucheze kwa Kiswahili, na seti ni ya Kiingereza: vibao 100, A ziko 9, vizuri, lakini K ni moja. Moja! Ukitaka kuandika "kukaa" tu, unatoa kibao kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote. "Kakakuona" anamaliza K na vitupu vyote viwili, halafu Q na X zinakutazama mpaka magharibi.

Ndipo wanarudi kwenye Kiingereza, na pale kila mtu ana ndoto ya "uncopyrightable", kwa kuwa ubao una viwanja 15 kwa 15 na neno linaujaza ukingo kwa ukingo. Mkononi vibao ni 7, hulishushi kwa mkupuo. Unaanza mchezo na "right" mstari wa kati, r kwenye kiwanja cha 7 ili i ikae juu ya nyota ya katikati, ambayo neno la kwanza lazima liifunike. Zamu nyingine unaweka c, o, p, y mbele yake, "copyright". Unabaki na kiu ya u, n kushoto na a, b, l, e kulia. Zikitimia, na kamusi ya mezani ikilikubali, umekanyaga viwanja vya neno mara tatu ncha zote mbili: 28 za herufi, a imeongeza 1 kwa kukaa kiwanja cha herufi mara mbili, 29 mara 9, yaani tatu mara tatu, alama 261. Ile zawadi ya 50 ya kushusha vibao vyote kwa mkupuo huipati, umetumia vibao 6, si 7.

Unazikusanya polepole, kahawa inapoa. U hiyo, n hiyo, b unaificha kwa kiganja. Halafu jirani, ambaye tangu alasiri hajaandika neno la zaidi ya herufi nne, anatabasamu, ananyoosha mkono, anabandika s moja mkiani. "Copyrights." Anadai alama zake, na kashata yako kaila.