Mega za intaneti zinakwisha usiku, lawama anabeba mama

Kila nikisema hapa Lubumbashi kwamba sheria iingilie namna programu za simu zinavyotengenezwa, jibu ni lile lile: mzazi achunge mtoto wake. Sawa, achunge. Lakini juzi kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, nimeamka saa nane ya usiku kunywa maji, nakuta mtoto wa dada yangu amelala fofofo, simu iko juu ya kifua, video zinajiendesha zenyewe, moja ikiisha ingine inaanza, na hakuna mtu anaangalia. Forfe (bando la mega) ya wiki nzima mama yake alinunua jana yake, asubuhi imekwisha. Mama alikosea wapi hapo?

Kule Ulaya wanalia juu ya usingizi na akili ya mtoto, na wana haki. Kwetu kuna usingizi na kuna unga wa bukari (ugali), juu mega tunalipa kwanza ndipo tutumie. Mama anauza makala (mkaa) kutwa nzima, franka anazopata anaweka inite (vocha ya simu), halafu usiku zinaliwa na video ambayo hakuna mtu aliiomba. Kuzima huko kujiendesha kwa video inawezekana kwa programu nyingi, ndiyo, lakini kitufe kimefichwa ndani kabisa, mara nyingi kwa Kifaransa ama Kiingereza. Kwa nini isizimwe toka mwanzo, anayetaka aiwashe?

Wengine wanasema kampuni kubwa hazisikii mtu. Zinasikia. Mwaka 2024 TikTok Lite, ile TikTok nyepesi, ilianza kulipa watu pointi kwa kuangalia video kule Ufaransa na Uhispania, Umoja wa Ulaya ukafungua kesi mwezi wa nne, siku 105 baadaye kampuni imeahidi kuondoa zile zawadi Ulaya nzima bila kuzirudisha. TikTok haikufungwa, mtego tu njo ulitolewa. Kongo peke yetu hatuna nguvu ile, hilo nakubali, lakini kitufe tayari kipo, ni kukisogeza tu.

Neno zito la wanaopinga ni hili: ukiipa serikali ufunguo, itafunga mlango. Tuliona, toka 31/12/2018 baada ya uchaguzi intaneti ilikatwa karibu wiki tatu. Kwa hiyo sheria isiguse mtandao, iguse kampuni. Code du numérique, sheria ya nchi juu ya mambo ya kidijitali, tunayo toka 2023, waongeze kifungu kimoja: video isijiendeshe mpaka mwenye simu aruhusu, na kitufe kiwe mbele, kwa Kiswahili.